Chupa ya tope la Mikindani: namna ya kuwafuga jamaa wa seli zetu

Chagua siku ya bamvua. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mikindani hupwa mpaka mizizi ya mikoko yote inabaki nje, nawe unapata kama saa mbili za kufanya kazi bila kukimbizana na bahari. Siku za maji mafu usijisumbue. Tope unalolitaka litakuwa bado limefunikwa.

Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Mtwara, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila nilipofika mada ya seli nilikuwa nachora ubaoni seli ya bakteria upande mmoja na seli ya mnyama upande wa pili, naorodhesha tofauti zake, wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Siku moja binti wa kidato cha tano akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii ya pili ilitoka wapi?" Nilimjibu kwa sentensi mbili za kitabuni na nikaondoka darasani sina raha. Nyumbani nikamkuta shangazi yangu ametoka kuokota tondo, mikono myeusi mpaka viwikoni, ananukia tope la mikoko, ile harufu ya yai viza. Nilisimama pale uani nikatambua kwamba koo zote zinazohusika na swali la yule binti zilikuwa kwenye mikono ya shangazi.

Seli yenye kiini, hii tuliyonayo sisi na mkorosho na uyoga na samaki changu, ilizaliwa na ujirani. Viumbe wadogo wa koo mbili zilizo mbali sana waliishi kwa kubadilishana taka, wakazidi kusogeleana, mwisho mmoja akaingia ndani ya mwenzake na hakutoka tena. Jamaa wa wale majirani wangali hai, na wanaishi kwenye tope. Unaweza kuwafuga ndani ya chupa ya maji ya kunywa na kuiweka dirishani mwa darasa.

Kuchota

Usiingie peku. Magamba ya chaza yaliyoshika mizizi hukata kama wembe. Vaa raba kuukuu, funga kamba vizuri, na nenda na mtu anayejua mahali pale. Mimi huenda na shangazi, maana yeye anajua wapi tope linakubeba na wapi linameza mguu mpaka gotini. Usikate hata tawi. Mikoko inalindwa kisheria. Ukiwa upande wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, pitia kwanza ofisi ya hifadhi uombe ruhusa. Ndoo ndogo moja inatosha darasa zima.

Chimba kwa mkono, taratibu, na utazame. Juu kuna tabaka la kahawia, sentimita chache tu, ambako oksijeni bado inafika. Chini yake tope linakuwa kijivu, halafu jeusi tii. Weusi ule ni chuma kilichoungana na salfa. Harufu ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, na inatolewa na bakteria ambao hawana oksijeni ya kupumulia, hivyo wanatumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari. Waambie wanafunzi wanuse wakiwa palepale, upepo ukivuma. Darasani hawatakuwa na hamu tena.

Tope jeusi liweke kwenye chombo chake na ulijaze mpaka mdomoni lisikae na hewa. Tope la juu chombo kingine. Chota na maji ya bahari, kama lita mbili.

Mwalimu mwenzangu wa Masasi au Newala usikate tamaa kwa sababu bahari iko mbali. Tope la lambo au la ukingo wa mto linafaa, ila maji baridi yana salfeti kidogo, kwa hiyo utaongeza jasi. Jasi tunayo Lindi kwetu, inachimbwa Kilwa. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wake kwa chupa moja. Sisi wa pwani bahari imeshatuwekea.

Kujaza

Tafuta chupa ya plastiki angavu ya lita moja na nusu. Kata shingo yake pale inapoanza kubana, upate mdomo mpana. Chukua karatasi moja ya gazeti, ikate vipande vidogo kama kachumbari. Hicho ndicho chakula cha kuanzia. Chemsha yai, utoe kiini chake ukiponde: kina salfa. Halafu magamba ya tondo au simbi, yatwange kwenye kinu mpaka yawe chengachenga, upate kijiko kimoja. Hayo yanaleta kaboni na yanazuia tope lisiwe chachu mno. Kinu kioshe vizuri baadaye, au tumia jiwe, kama mwenye kinu ni shangazi.

Changanya vitu hivyo vyote na tope jeusi la kujaza theluthi ya chupa, upate mchanganyiko mzito kama uji. Mimina, kisha shindilia kwa kijiti kuondoa mapovu ya hewa. Juu yake weka tope jeusi tupu mpaka theluthi ya pili, halafu tope la kahawia kama vidole viwili. Malizia kwa maji ya bahari, vidole vitatu, ukiacha nafasi ya hewa juu. Funika kwa plastiki laini, uifunge kwa mpira bila kukaza.

Hapo pa kukaza ndipo nilipokosea mimi. Mara ya kwanza nilitumia chupa isiyokatwa, nikafunga kizibo kwa nguvu zote na kuifungia kabatini likizo nzima ya Juni. Viumbe hawa wanatoa gesi mchana na usiku. Nilirudi nikakuta chupa imevimba na kupasuka kitako, na kabati la maabara lilinuka mpaka Agosti. Na hata kama isingepasuka nisingepata chochote, kwa sababu ndani ya kabati hakuna mwanga, na bila mwanga rangi hazitokei.

Kwa hiyo iweke dirishani, lakini si pale jua la mchana linapopiga moja kwa moja. Jua la Mtwara litaipika. Dirisha la upande wa kivuli linatosha. Tengeneza na chupa ya pili uifunge karatasi nyeusi pande zote, ukae na ushahidi wa kazi ya mwanga.

Andika tarehe juu ya chupa. Halafu usiitikise, usiikoroge, usimruhusu mtu aisogeze. Maji yakipungua ongeza kidogo.

Kuisoma chupa

Wiki ya kwanza utaona tope linazidi kuwa jeusi na maji yanachafuka. Wiki ya tatu, kwangu, ukijani umeanza kutanda juu. Kufikia wiki ya sita hadi ya nane upande unaotazama dirisha unapata mabaka: kijani kizito karibu na weusi, zambarau juu yake, halafu wekundu wa kutu, na juu kabisa kijani kibichi. Kila rangi ni watu wa aina yake na kila mmoja amekaa pale anapopata chakula chake. Bakteria wa chini wanatoa haidrojeni salfaidi. Wale wa kijani kizito na wa zambarau wanaitumia gesi hiyo pamoja na mwanga kujitengenezea chakula. Anachotupa huyu ndicho anachokula yule. Wape wanafunzi dakika kumi nzima wachore hizo taka zinakokwenda, kwa mishale, kabla hujawaambia jina lolote la Kilatini. Mchoro huo wa mishale ndio utakaobeba somo zima.

Sasa anza juu. Ule ukijani wa majini una mwani, na humo pia wamo bakteria waitwao sianobakteria. Hawa wanatumia mwanga kupasua maji na kutoa oksijeni, na miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita kazi yao ilianza kuijaza anga ya dunia. Kloroplasti ya jani la mkorosho, kile kijumba cha kijani ndani ya seli kinachotengeneza chakula kwa mwanga, ni mzao wa sianobakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine akabaki. Mrusi Konstantin Mereschkowski aliandika wazo hilo mwaka 1905, na wengi hawakulichukulia kwa uzito. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis, wakati huo akiitwa Lynn Sagan, alilileta tena, safari hii pamoja na mitokondria, vile vijumba vinavyoipatia seli nishati, baada ya makala yake kukataliwa na majarida mengi. Miaka iliyofuata, wataalamu walipoanza kusoma vinasaba vyenyewe, kloroplasti ikaangukia katika ukoo wa sianobakteria na mitokondria ikaangukia katika ukoo wa bakteria waitwao alfaproteobakteria.

Shuka kwenye ule wekundu wa kutu. Humo mara nyingi hukaa bakteria kama Rhodospirillum na Rhodopseudomonas, nao ni alfaproteobakteria. Hapa simama. Gusa mkono wako uwaambie: ndani ya ngozi hii kuna jamaa wa hawa. Mitokondria ya binadamu bado ina DNA yake, imejifunga duara kama ilivyo kawaida ya bakteria, herufi 16,569, jeni 37 tu. Nyingine nyingi zilihamia kwenye kiini au zikapotea. Ina ribosomu zake, yaani vitengeneza protini, zinazofanana na za bakteria kiasi kwamba dawa ya kloramfenikoli, inayozuia bakteria kutengeneza protini, inaweza kuzisumbua na za mitokondria. Na mitokondria zako karibu zote umerithi kwa mama. Wanafunzi wa huku, ambao wengi wamekulia katika jamii zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama, huchangamka wakisikia hilo.

Jihadhari na kosa moja ambalo limo hata kwenye madaftari ya walimu. Usiseme mitokondria imetokana na bakteria waliomo ndani ya chupa. Hawa wa chupa ni binamu. Babu aliishi zamani na amekwisha. Wajukuu wake wengine wakawa mitokondria, wengine wakabaki huru kwenye tope. Rangi peke yake nayo si hati ya kuzaliwa, kwa hiyo sema "huenda hawa ndio" pale unapoonyesha tabaka.

Chini kwenye weusi

Sehemu hii haina rangi ya kuvutia na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mpaka mwaka 1977 viumbe vyote vidogo visivyo na kiini viliitwa bakteria. Mwaka huo Carl Woese na George Fox, wakilinganisha RNA ya ribosomu, walionyesha kwamba kundi moja limejitenga kabisa. Leo tunawaita arkea. Kwa hadubini ya shule huwezi kuwatofautisha na bakteria. Wamo wanaotengeneza methani, ambayo ndiyo gesi kuu katika gesi asilia tunayoisikia kila siku hapa Mtwara. Baadhi ya mapovu yanayopanda kutoka chini ya chupa yako huenda ni kazi yao.

Yule jirani aliyempokea bakteria aliyekuja kuwa mitokondria alikuwa arkea. Lakini ni arkea gani? Mwaka 2015 timu ya Thijs Ettema wa Uppsala, Sweden, ilichapisha vinasaba vilivyosomwa kutoka kwenye tope la bahari ya kaskazini, kina cha zaidi ya mita 3,000, si mbali na chemchemi za moto za chini ya bahari ziitwazo Loki's Castle, kati ya Norway na Greenland. Hawakumwona kiumbe mwenyewe. Walikuwa na DNA yake tu. Ndani yake mlikuwa na jeni ambazo watu walidhani ni za seli zenye kiini peke yake, zikiwemo jeni za protini za jamii ya aktini. Aktini ndiyo inayosaidia kukaza msuli wa shangazi anapovuta mguu kutoka kwenye tope. Wakampa jina la Loki, kutoka hadithi za kale za watu wa kaskazini. Kufikia mwaka 2017 wakaongezeka ndugu zake, Thor, Odin na Heimdall, na ukoo mzima ukaitwa Asgard. Uchambuzi wa mwaka 2023 unatuweka sisi ndani ya ukoo huo, katika tawi la Heimdall. Arkea wa Asgard wameshapatikana pia kwenye tope la mikoko, kwa mfano nchini China.

Kumwona kwa macho kulihitaji subira ya ajabu, na hii wasimulie wanafunzi wanaolalamika kwamba wiki nane ni nyingi. Mwaka 2006 Wajapani walichota tope la bahari kuu karibu na nchi yao, kina cha mita 2,533. Hiroyuki Imachi na wenzake waliliweka kwenye mtambo wenye vipande vya sponji, wakalilisha methani bila oksijeni kwa zaidi ya siku 2,000. Kisha wakaanza kuhamisha kwenye vichupa, tena na tena. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2020. Kiumbe wao, Prometheoarchaeum syntrophicum, ni kijiduara cha mikromita 0.55 (mikromita elfu moja ni milimita moja), na anachukua kati ya siku 14 na 25 kuongezeka mara mbili. Alikua akiwa pamoja na mwenzake: yeye anakula amino asidi na kutoa haidrojeni, na arkea mwingine wa methani anaila ile haidrojeni. Ndani yake hana kiini wala vyumba vyovyote. Nje ana mikono mirefu myembamba inayotawanyika kama mizizi ya mkoko.

Mikono ile iliwapa wazo. Zamani, oksijeni ilipokuwa inaongezeka, huenda arkea wa namna hiyo alimkumbatia bakteria aliyeweza kuitumia oksijeni na hivyo kumpunguzia sumu yake. Mikono ikazidi kumzunguka, utando ukaungana, jirani akajikuta ndani. Kuonyesha darasani, chukua donge la unga wa chapati, uvute vidole vinne virefu, weka punje ya choroko katikati ya vidole, kisha vifinyange taratibu mpaka vishikane juu ya punje. Wachache sana watasahau. Yapo mawazo mengine, na mpangilio wa matukio unabishaniwa: wengine wanaona kiini kilianza kabla, wengine mitokondria kwanza. Mwaka 1998 William Martin na Miklós Müller walishatangulia kupendekeza kwamba haidrojeni ndiyo iliyowaunganisha wawili hao, na mimi kila nikitazama mishale ya taka kwenye madaftari ya wanafunzi wangu navutiwa upande wao.

Utaulizwa juu ya seli zisizo na mitokondria. Wapo viumbe wachache wenye kiini lakini hawana mitokondria kabisa, kama Monocercomonoides, iliyoelezwa mwaka 2016. Ushahidi unaonyesha babu zao walikuwa nazo, wakazipoteza.

Kamba na hadubini

Kata kamba ya ukindu ya mita nne na nusu, ambamo milimita moja ni miaka milioni moja. Ncha moja ni kuzaliwa kwa dunia, nyingine ni leo. Funga uzi mita tatu na nusu kutoka leo: kufikia hapo dalili za uhai zipo. Mita 2.4, oksijeni inaanza kubaki angani. Kama mita 1.65, mabaki ya zamani tuliyonayo ya seli zenye kiini. Sasa waulize wakuwekee mijusi wakubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria, wale ambao Wajerumani waliwachimba huko Lindi kati ya 1909 na 1913 na mmoja wao amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Karibu wote huwaweka katikati ya kamba. Mahali pao ni sentimita 15 kutoka leo. Binadamu hafikii hata unene wa ukucha.

Kwa hadubini, chukua tone la ukijani wa juu na utazame kwa ukuzaji wa mara 400. Vile vinukta na vifimbo vinavyotetemeka ni bakteria na labda arkea, mikromita moja au mbili. Kisha subiri. Atapita mmoja mkubwa, mwenye vinywele, anayeogelea kwa haraka na kuwameza wale wadogo mbele ya macho yenu. Huyo ana kiini, ana aktini. Utaona mwenyewe tofauti ya ukubwa ilivyo, kama mashua ya uvuvi kati ya dagaa.

Osha mikono kwa sabuni kila baada ya kushika chupa, na mwenye kidonda asiguse kabisa.

Mwisho wa muhula usimwage tope chooni wala jalalani. Fungua chupa nje, kaa upande upepo unakotoka, tenga vipande vya gazeti vilivyobaki, kisha siku ya bamvua lirudishe kwenye shimo ulilolichota. Mimi na shangazi tuliweka kijiti cha mkandaa mkavu pale petu. Chupa suuza na uirudishe shule, muhula ujao itahitajika.